Waya Mweupe kwenye Vantro Yangu

Mpendwa Bi Ardis,

Naomba unisaidie kuamua jambo moja, na nakuomba radhi mapema, maana barua hii nimeiandika mara tatu na kila mara inakuwa ndefu zaidi. Nina miaka kumi na minane, nilimaliza sekondari mwezi wa Juni, na tangu Agosti nafanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia shuka za hospitali, kule chini karibu na reli. Swali langu ni kuhusu vimashine vya muziki, vile vya mfukoni. Nataka kujua kama kile cha bei nafuu nilicho nacho kinatosha, au ninunue kile cheupe ambacho kila mtu anacho. Najua watu hawakuandikii mambo kama haya kwenye safu yako ya gazeti, lakini sina mwingine wa kumwuliza. Rafiki yangu wa shule alikwenda chuo kikuu mji wa mbali, Madison, na barua pepe zake, ambazo mwezi wa Septemba zilikuwa kurasa mbili, sasa ni mstari mmoja na picha ya mtu anayecheka.

Kimashine changu kinaitwa Vantro. Mama alinipa kwenye sherehe yangu ya kumaliza shule, pale kwenye gereji ya nyumbani kwetu, mbele ya shangazi zangu wote. Hakukichagua ovyo. Alikwenda maktaba mara mbili, akasoma majarida yanayopima bidhaa, akarudi na karatasi aliyoigawa katikati kwa penseli, upande huu Vantro, upande ule ile nyeupe. "Hii ina redio, ile haina," aliniambia. "Hii betri ikiisha unatia nyingine, betri moja tu kama ya rimoti. Ile betri ikifa unaipeleka kwa fundi kama jokofu. Na hii ni theluthi ya bei. Sasa nani mjinga?" Nilimshukuru, na nilimaanisha, kwa sababu najua alivyofanya zamu za ziada.

Lakini spika zake za masikioni zilikuwa nyeusi, nene, na waya wake mfupi. Sijui kama unapanda basi siku hizi, Bi Ardis, ila watu wenye waya mweupe, ule unaotoka sikioni na kuzama ndani ya koti, hutazamana kidogo kama waumini wa kanisa moja waliokutana dukani. Mimi sikuwa natazamwa na mtu. Basi nilikwenda duka la mitumba nikanunua spika nyeupe za ile mashine nyingine, nikazichomeka kwenye Vantro, na Vantro yenyewe nikaivalisha soksi ya kijivu, maana wenye ile nyeupe nao huzivalisha soksi zisichubuke. Sikufanya hivyo ili nimdanganye mtu. Nilitaka tu nisionekane tofauti nikiwa nimekaa kimya.

Siku yangu ya kwanza kazini walinipanga na Britta, ambaye ana miaka ishirini na mitatu na ana sauti inayosikika juu ya mashine zote. Shuka kubwa hukunjwa na watu wawili, kila mmoja anashika pembe mbili, mnasogeleana, mnaachana, mnasogeleana tena. Sheria inaturuhusu kusikiliza muziki kwa sikio moja tu, ili lile jingine lisikie kengele ya mikokoteni. Britta alitazama waya wangu akasema, "Aa, kumbe wewe ni wetu!" Nikatikisa kichwa kukubali. Uongo wangu wote umeanzia hapo, kwenye kichwa kilichotikisika mara moja.

Sikujua kwamba pale kiwandani kuna kapu. Kila Ijumaa asubuhi Britta hupitisha kapu la taulo, kila mtu anatumbukiza mashine yake, kisha kila mtu anatoa isiyo yake na kusikiliza muziki wa mwenzake zamu nzima. Inawezekana kwa sababu wote wana ile nyeupe, hakuna anayehitaji kufundishwa vitufe. Saa ya chakula ndipo wanapochekana. Ijumaa yangu ya kwanza niliwasikia nikiwa nimeinamia sahani yangu.

"Nani mwenye hii ya filimbi?" Britta aliuliza. "Tangu asubuhi nakunja foronya kama niko mazishini!"

"Hiyo si filimbi, ni kodiani," alisema Bi Lavonne, mwenye miaka sitini na moja, aliyekaa pale miaka mingi kuliko mashine zote. "Na marehemu mume wangu aliipiga vizuri kuliko unavyokunja wewe."

"Bi Lavonne, na ule wimbo wa matusi baada ya kodiani?"

"Huo aliutia mjukuu wangu. Nimeuzoea. Una mdundo mzuri wa taulo."

Hata Duane, msimamizi wetu, alicheka mpaka akamwaga kahawa. Nilitamani sana kuwa ndani ya kicheko kile. Lakini siku hiyo nilikuwa nimesema yangu nimeisahau nyumbani, huku imo mfukoni. Ijumaa ya pili nikasema imekwisha chaji, na Britta akasema, "Hilo tu? Waya wa kuchajia uko ofisini kwa Duane," nami nikaenda kujifungia chooni hadi kapu lilipopita. Kabla ya Ijumaa ya tatu nilimwomba Duane anihamishe, niwe napumzika Ijumaa na kufanya kazi Jumamosi. Alinitazama kwa mshangao, kwa sababu hakuna anayeomba Jumamosi.

Jumamosi niko peke yangu kwenye ukumbi mzima, na Duane yuko ofisini na hesabu zake. Ukiwa peke yako, shuka kubwa unaibana pembe mbili kwenye ukingo wa meza kwa koleo za chuma, kisha unarudi nyuma na pembe mbili zilizobaki, unazipeleka kwenye koleo, unarudi tena. Koleo hazikwambii kitu. Naufungua muziki masikioni kote, maana hakuna mikokoteni, na bado ukumbi unasikika ulivyo mtupu.

Sasa nirudi kwenye mashine, ili unipe hukumu ya haki. Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa Novemba, binamu yangu aliniachia ile yake nyeupe tangu mchana hadi jioni, nami nikaipima na Vantro na kuandika kila kitu. Ile nyeupe ni nzuri, siwezi kusema uongo tena. Lile gurudumu lake unalizungusha kwa kidole gumba kama unapangusa sahani, na majina ya nyimbo yanapita yote, kamili, pamoja na picha ya jalada. Vantro inakata majina kwenye herufi ya nane, na nyimbo nyingine inaziita kwa namba tu. Vitufe vyake vinataka kucha. Kati ya wimbo na wimbo inanyamaza kidogo kama mtu anayejaribu kukumbuka alichotaka kusema. Na kwenye nyimbo tulivu za kinanda kuna mvumo mdogo kwa nyuma, siyo mkubwa, ila ukishausikia huwezi kuacha kuusikia. Kwa upande mwingine ile ya binamu ilikuwa imechubuka mgongo mzima ndani ya miezi minne, na Vantro nimeshaiangusha kwenye ndoo ya sabuni, nikaikausha, ikaendelea na ubeti wa pili.

Mama aliponiona naandika alisema tumalize ubishi. Akanifumbisha macho, akachukua spika zilezile nyeupe, akawa anazichomeka mara huku mara kule, na mimi nikitaja ni ipi. Mara kumi. Nilipatia nne.

"Nne!" Mama aliwapigia kelele shangazi zangu waliokuwa jikoni. "Hata kuku angepata tano!"

Kisha akaziangalia zile spika mkononi mwake, akauliza, "Hizi za kwako ziko wapi, zile nyeusi?" Nikasema zimekatika. Akasema pole, atanitafutia nyingine. Zimo kwenye droo yangu, nzima kabisa.

Kuna jambo moja dogo ambalo ni lazima nilitaje kwa sababu linahusu redio, na redio ndiyo tofauti kubwa kati ya hizi mashine mbili. Jumatano moja mwanzoni mwa mwezi huu, siku ya ile dhoruba ya theluji, nilikuwa nasikiliza redio kazini, na saa nane mchana walitangaza kwamba mabasi yanayopanda mlimani yatasimama saa tisa kwa sababu ya barafu. Sisi tunatoka saa tisa na nusu. Wenzangu wote wana magari isipokuwa mimi na Bi Lavonne, tunaopanda basi moja, na kila siku tunasimama pamoja kituoni. Hatuzungumzi sana. Hunipa peremende ya mnanaa. Nilikwenda kwenye simu ya chumba cha chakula nikampigia Mama aje anichukue, na Bi Lavonne sikumwambia, kwa sababu angeniuliza nimejuaje, na mashine nyeupe hazina redio. Kwamba ningeweza kusema nimeambiwa na Mama, hilo sikulifikiria hadi tulipofika nyumbani. Mama alifika, na tulipopita kituoni Bi Lavonne alikuwa amesimama kwenye theluji amefunga skafu mpaka puani. Mama hamjui. Mimi nilijikunja kwenye kiti kama mtu anayefunga kamba za viatu.

Alhamisi hakuja kazini, na Ijumaa pia, kama nilivyosikia. Jumatatu alirudi na kikohozi, na bado alikuwa ametuokea vipande vya keki ya limau vya Krismasi, kimoja amekifunga peke yake kwenye karatasi na kukiandika "cha msichana wa Jumamosi". Akaniambia, bila ubaya wowote, "Siku ile nilisimama dakika arobaini. Ningerudi ndani mapema, ila nilidhani nawe unakuja, nikasema nisimwache mtoto wa watu asimame peke yake kwenye theluji."

Kile kipande sijakila. Lakini hilo limeshapita na amepona, karibu apone. Swali langu ni lile la mwanzo. Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi kila mtu lazima awepo, hata mimi, na kapu litapita. Nimeweka akiba ya kutosha kununua ile nyeupe. Je, ninunue? Au kwa maoni yako Vantro ni nzuri vya kutosha? Nitafuata utakachosema. Ila ukiichapa barua hii, tafadhali ondoa habari za kapu, kwa sababu wote husoma gazeti saa ya chakula na watanijua.

Wako mwaminifu,
Wa Jumamosi, Duluth

*

Mpendwa Wa Jumamosi,

Vantro ni nzuri. Haya, hilo limekwisha, sasa tuzungumze.

Mama yako alilijibu swali lako mwezi wa Juni kwa penseli, nawe ukalijibu tena ukiwa umefumba macho. Lile gurudumu ni raha, naamini. Majina kukatwa ni kero, naamini. Mvumo kwenye kinanda utauzoea. Mimi nina jokofu linaloimba tangu mume wangu akiwa hai. Kama ungekuwa unatafuta mashine, ungekuwa umeshaipata, na hungeandika barua hii mara tatu.

Uliniandikia ukurasa mzima juu ya vitufe, kisha ukaita "jambo dogo" habari ya mwanamke wa miaka sitini na moja aliyesimama dakika arobaini kwenye dhoruba. Mwanangu, nimesoma barua za watu kwa miaka kumi na tisa. Jambo lenyewe huwa ni lile analoliita dogo.

Nakuonea huruma, na sisemi hivyo ili nikulainishe kabla ya kukuchapa. Kumaliza shule ni kitu kigumu ambacho watu wanakifunika kwa keki. Jana kila mtu analijua jina lako, leo unayatafuta macho ya mtu yeyote kwenye basi. Kununua waya mweupe ili usionekane tofauti si dhambi. Nikiwa na umri wako nilivaa miwani miaka miwili na macho yangu yalikuwa mazima. Na kichwa chako kutikisika mbele ya Britta, hilo nalo nakusamehe. Ulikuwa mgeni, na mwenye sauti kubwa alikuwa ameshaamua wewe ni nani.

Lakini tazama ulikofika. Ulijificha ili upate watu, na kujificha kumekuondoa kwa watu. Ulitaka kuwa mmoja wa wenye kapu, ukaishia kukunja shuka na koleo. Umeacha mama yako akutafutie spika ambazo zimo kwenye droo yako. Na siku ile ya theluji hukukosa ukweli tu. Uongo mdogo kabisa, "Mama amepiga simu," ungemtia Bi Lavonne kwenye gari lenu, na hata huo haukukutoka. Woga ulikuwa umekufunga mdomo wote, wa ukweli na wa uongo. Hapo ndipo ningeogopa kama ningekuwa wewe. Kapu lisingenitisha hata kidogo.

Tena sikia hili, maana nadhani umelisoma bila kulisikia: Bi Lavonne alikuwa anakungoja wewe. Umekaa miezi minne ukidhani hakuna mtu Duluth anayekutazama, na kumbe yuko mmoja, anakuhesabu kila jioni, na anakufungia kipande chako cha limau peke yake. Wewe ulikuwa unatazama waya za watu.

Usinunue ile nyeupe. Ukiinunua, Ijumaa utatumbukiza mashine ngeni yenye nyimbo ulizozipanga jana, na Bi Lavonne atabaki amesimama pale kituoni kichwani mwako kila theluji ikianguka.

Fanya hivi. Kabla ya kapu, nenda kwa Bi Lavonne. Usiende naye kwenye chumba cha chakula, wala usimwandikie, maana wewe ni hodari wa kuandika na utajificha humo. Kituoni, mkiwa wawili. Sema: nilijua basi haliji, nilikuona, sikusimama. Kisha mwambie kwa nini, kwa maneno machache, na usiweke "lakini" mahali popote. Anaweza kukasirika. Ana haki, na wewe kaa naye katika hasira hiyo hadi basi lifike. Peremende siwezi kukuahidi.

Ukifika nyumbani, toa zile spika nyeusi kwenye droo, mpelekee mama yako, mwambie ni nzima. Na kile kipande cha limau, ukile. Kimeokwa kwa mkono wa mgonjwa.

Ijumaa, vua soksi, chomeka spika nyeusi, tumbukiza Vantro kwenye kapu pamoja na karatasi inayoeleza vitufe. Watakucheka. Wanamcheka Bi Lavonne kwa kodiani ya marehemu mume wake, na umeniambia mwenyewe ulitamani kuwa ndani ya kicheko hicho. Njia ya kuingia ni hiyo, huingii kwa mlango mwingine. Kisha mwombe Duane akurudishie Ijumaa yako.

Umeniomba niondoe habari za kapu. Siwezi, bila kapu hakuna anayeelewa ulichokimbia. Kwa hiyo jibu hili nakutumia kwa posta, kwa anwani iliyo kwenye bahasha yako, na barua yako inabaki kwenye droo yangu mpaka uniambie. Nataka wasikie kutoka kwako, wasije wakasoma kwangu.

Bi Ardis

*

Kadi hii ilifika baada ya Krismasi, nami naichapa kwa ruhusa ya aliyeiandika:

"Bi Ardis, kapu liache lilivyo. Nilimwambia Jumanne. Basi lilipofika, alisema nikae upande wa dirisha. Siku ya Jumatano hakunipa peremende, Alhamisi alinipa. Ijumaa Duane ndiye aliyeitoa Vantro kapuni, akawa anabonyeza vitufe kwa ncha ya kalamu na kulalamika tangu asubuhi, na Britta amenipa jina jipya ambalo siwezi kuliandika kwenye kadi. Ilipofika saa nane mchana Bi Lavonne alisimamisha shuka katikati, akamwita mbele ya wote: 'Haya, Duane, wewe mwenye redio. Leo basi lipo au halipo?'"